Hai na Dar: pengo la afya ya wazee ambalo hesabu ya haraka hailioni

Kati ya mwaka 2003 na 2006, kikosi cha watafiti kilichoongozwa na Daktari Richard Walker kilifuatilia ugonjwa wa kiharusi katika sehemu mbili za Tanzania: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Upande wa Hai walikuwepo wakazi 159,814 chini ya ufuatiliaji, na upande wa Dar 56,517. Katika miaka mitatu Hai ilihesabiwa viharusi 453, Dar 183. Ukigawanya, Hai inapata viharusi 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar 107.9. Mtu akiishia hapo atasema kijiji na jiji havijapishana sana, kisha atafunga daftari.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliirudia hesabu ileile huku wakizingatia umri wa watu wa kila upande, na majibu yakawa 108.6 kwa Hai na 315.9 kwa Dar. Wagonjwa ni walewale. Hakuna aliyeongezwa, hakuna aliyepunguzwa. Lakini sasa hatari ya kiharusi jijini imekuwa karibu mara tatu ya ile ya vijijini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, na kwangu mimi ninayefanya kazi ya takwimu za afya, sijui namba nyingine nne zinazoeleza vizuri zaidi kwa nini utafiti wa wazee hauwezi kwenda bila mtakwimu.

Dar es Salaam ni jiji la vijana. Watu huja wakiwa na miaka 18 au 20 kutafuta maisha, na wengi wakizeeka hurudi kwao. Kiharusi kwa upande wake ni ugonjwa unaopanda na umri. Kwa hiyo unapochukua viharusi vyote vya Dar ukavigawanya kwa wakazi wote, unawagawia pia maelfu ya vijana ambao ugonjwa huo bado uko mbali nao, na hatari ya wazee wachache waliopo inayeyuka ndani ya umati. Hai hali ni kinyume: vijana wameondoka, wazee wamebaki kwenye vihamba vyao, mashamba ya nyumbani.

Chukua mfano wa kubuni. Kijiji kina watu 1,000, kati yao wazee 200, na mwaka huo wazee 4 wamepata kiharusi. Mtaa wa mjini nao una watu 1,000, lakini wazee ni 40 tu, na 3 kati yao wamepata kiharusi. Hesabu ya haraka inasema kijiji kina hali mbaya zaidi, 4 kwa 1,000 dhidi ya 3 kwa 1,000. Ukiwatazama wazee peke yao, wa kijijini wameugua 2 kwa kila 100, na wa mjini zaidi ya 7 kwa kila 100. Kusawazisha umri ni kufanya hivyo kwa kila rika: unatafuta kiwango cha ugonjwa kwa watu wa miaka 45 hadi 54, 55 hadi 64, na kuendelea, halafu unauliza kiwango hicho kingeleta wagonjwa wangapi kama sehemu zote mbili zingekuwa na mgawanyo mmoja wa umri. Mgawanyo unaotumika sana ni ule uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ili nchi na nchi ziweze kulinganishwa.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu kidogo, kwa sababu hata wataalamu huteleza. Ile 315.9 ya Dar haipo katika mtaa wowote. Ni namba ya kulinganishia. Mganga mkuu anayetaka kujua wodi yake iwe na vitanda vingapi vya wagonjwa wa kiharusi anahitaji hesabu ghafi, ile 107.9, kwa kuwa hao ndio watakaobebwa kuletwa hospitalini. Anayeuliza kama mzee wa Dar anaishi katika hatari kubwa kuliko mwenzake wa Hai, huyo ndiye anayehitaji hesabu iliyosawazishwa. Swali likibadilika, namba nayo hubadilika, na kazi ya kwanza ya mtakwimu ni kumbana mtafiti aseme swali lake ni lipi.

Utafiti ule haukuanza patupu. Tangu mwaka 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza ilikuwa ikiendesha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu yaliyochaguliwa kwa makusudi: sehemu ya Dar es Salaam, Hai ambayo ni vijijini kwenye nafuu ya maisha, na Morogoro Vijijini ambako umaskini ulikuwa mkubwa zaidi. Watu 307,820 walihesabiwa na kuhesabiwa tena, kaya kwa kaya. Mtu alipofariki, mhojaji aliyefunzwa alikwenda msibani baada ya muda wa heshima kupita na kuwauliza ndugu: aliugua siku ngapi, upande mmoja wa mwili ulilegea, maneno yalimtoka vizuri, alikuwa na presha? Madaktari walizisoma fomu hizo na kutoa maoni juu ya sababu ya kifo. Katika nchi ambayo wengi hufia nyumbani bila cheti kilichoandikwa na daktari, mahojiano ya namna hii yalikuwa njia pekee ya kujua kinachowaua watu wazima.

Majibu ya miaka mitatu ya mwanzo, yaliyotolewa mwaka 2000, yalishtua. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, baada ya umri kusawazishwa, vifo vya kiharusi kwa wanaume vilikuwa 65 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro Vijijini. Kwa wanawake vilikuwa 88, 33 na 27. Uingereza na Wales mwaka 1993 walikuwa na 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Mwanamke wa Dar alikuwa na hatari ya kufa kwa kiharusi zaidi ya mara kumi ya mwenzake wa Uingereza, tena kabla ya kufika uzeeni. Hata mwanamke wa Morogoro Vijijini alimzidi Mwingereza mara tatu. Watafiti walielekeza kidole kwenye presha isiyotibiwa, na sioni sababu ya kuwapinga.

Lakini tazama pia namba ambayo magazeti huwa hayaichapishi. Ile 88 ya wanawake wa Dar ilikuja na mipaka yake ya uhakika: kutoka 48 hadi 128. Maana yake, kwa idadi ya vifo vilivyopatikana, ukweli ungeweza kuwa popote katikati ya hapo. Mipaka ni mipana kwa sababu vifo vilikuwa vichache. Katika maeneo yote matatu kwa pamoja vifo vya kiharusi vya watu wazima vilikuwa 421, na ukivigawa kwa jinsia, eneo na rika, kila fungu linabaki na watu wachache sana. Je, hilo linabatilisha matokeo? Hapana, kwa kuwa hata 48 iko mbali mno na 8.6. Linalobatilika ni tamaa ya mtu kusema kwa uhakika kwamba wanawake wa Dar wanawazidi wanaume wa Dar. Mipaka ya 65 ya wanaume ilikuwa 39 hadi 90, na hiyo inaingiliana na ya wanawake kwa sehemu kubwa. Pengo moja limethibitika, jingine bado. Mwandishi wa habari akipewa namba bila mipaka yake, amepewa nusu ya taarifa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii, nalo ni wazee ambao hawamo kabisa katika vitabu vyetu. Tafiti kubwa za kitaifa za idadi ya watu na afya, zile ambazo wahojaji hupita nyumba kwa nyumba na matokeo yake huamua fedha ziende wapi, zimejengwa juu ya uzazi na afya ya mama na mtoto. Wanawake wanaohojiwa ni wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 68 anayelea wajukuu katika nyumba hiyohiyo huandikwa kwenye orodha ya wanakaya, lakini maswali ya afya hayamfikii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza Tanzania uliwachukua watu wa miaka 25 hadi 64. Ndio uliopima presha, sukari na uzito, mambo ambayo hasa humkamata mtu baada ya miaka 60, na ukasimama mlangoni mwa uzee. Kila utafiti ulikuwa na sababu yake, na sababu hizo zinaeleweka. Fedha hazitoshi na kila swali lina gharama. Lakini zikiwekwa pamoja, zinamfuta mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kipimo cha presha ya mtu huyo huyo, tangu siku anayotimiza miaka 65, hakimo katika utafiti niliokwisha kuutaja.

Na hata tunapomfikia, tunagota kwenye swali linaloonekana jepesi kuliko yote: una miaka mingapi?

Karani yeyote aliyewahi kufanya kazi ya sensa anajua kinachotokea. Umri wa wazee hujikusanya kwenye 60, 65, 70, 75 na 80, huku 67 na 71 zikikosa watu. Wataalamu wa demografia wana kipimo chake, kinachoitwa faharasa ya Whipple: ikiwa 100, watu hawapendelei 0 wala 5, ikifika 500, umri wote umeishia na 0 au 5. Kwa vijana kosa la miaka mitatu halina uzito mkubwa. Kwa wazee, ambao hatari ya maradhi hupanda kila mwaka, kosa hilo linahamisha mgonjwa kutoka rika moja kwenda jingine, na lile zoezi zuri la kusawazisha umri linasimama juu ya mchanga.

Dawa yetu ya zamani ni kalenda ya matukio, na bado sijaona iliyo bora. Humwulizi mzee mwaka. Unamwuliza kama alikuwa anachunga au alikuwa mgongoni kwa mama yake wakati Malkia Elizabeth anatawazwa mwaka 1953, au kama alikuwa amepata jando siku ya Uhuru mwaka 1961. Unguja unauliza Vita vya Ng'ombe vya mwaka 1951 na kifo cha Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1960. Kilimanjaro unauliza enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle katika miaka ya 1950. Kenya unauliza Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Halafu unauliza yeye na mdogo wake nani alitangulia, na mdogo wake yuko rika gani. Kalenda nzuri hutungwa kata kwa kata na wazee wa pale pale, wala hainakiliwi kutoka wilaya jirani. Kazi hiyo huchukua siku, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Ningependelea bajeti ikatwe kwenye mambo mengine mengi kabla ya kuigusa.

Pensheni nayo imeongeza uzito wa swali. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa mpango wa Inua Jamii wa watu wa miaka 70 na zaidi. Ni hatua njema sana. Ila pale ambapo umri fulani unafungua mlango wa fedha au matibabu, mtakwimu hana budi kutarajia watu wengi kuliko kawaida pale mlangoni, na kuangalia kama idadi ya wenye miaka 70 inaendana na ya wenye 65 waliohesabiwa miaka mitano kabla. Kufanya hivyo si kumtuhumu mzee aliyezaliwa kabla ya mtu yeyote kumwandika.

Kosa la umri liliwahi kuwapotosha hata Wamarekani, tena kwa muda mrefu. Takwimu zao zilionyesha kwamba Wamarekani weusi hufa mapema kuliko weupe katika kila rika, mpaka uzee wa mbali. Hapo mistari ya vifo vya makundi hayo mawili ilikatana, na weusi wakaonekana kufa kidogo kuliko weupe. Nadharia zikatungwa: huenda aliyevumilia dhiki zote hadi akafika huko ni mtu wa chuma. Mwaka 1996 Samuel Preston, Irma Elo na wenzao walitoa kazi ya uvumilivu mkubwa. Walichukua sampuli ya vyeti vya vifo vya wazee weusi waliofariki mwaka 1985, wakawatafuta watu walewale wakiwa watoto au vijana katika sensa za mwaka 1900, 1910 na 1920, na katika kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii. Waligundua kwamba kwa wastani vyeti viliwapunguzia watu umri, na hata hivyo vifo vilivyoandikwa vya miaka 95 na zaidi vilikuwa vingi mno.

Inawezekanaje umri upunguzwe, lakini wakongwe waongezeke? Jibu liko kwenye ukubwa wa mafungu. Tuseme, kwa kubuni tena, kuna vifo 1,000 vya watu wa miaka 85 hadi 94, na 50 tu vya watu wa miaka 95 na zaidi. Makarani wakikosea kwa asilimia 5 tu ya lile fungu kubwa na kuwapandisha, watu 50 wanahamia juu. Wakikosea kwa asilimia 40 ya lile fungu dogo na kuwashusha, watu 20 wanahamia chini. Fungu la wakongwe limetoka 50 likafika 80, ingawa waliokosewa kwa kushushwa ni sehemu kubwa zaidi ya fungu lao. Na ukiwa na vifo vingi mno vya miaka 95, hesabu inaamini kwamba watu wengi walipita salama miaka ya 85 hadi 94, hivyo hatari ya rika hilo inaonekana ndogo. Umri uliposahihishwa, vifo vya Wamarekani weusi baada ya miaka 85 vilipanda sana, na ule mkatano wa mistari ukatoweka. Kwa umri wa miaka 95 na kuendelea waandishi wenyewe walisema hawawezi kuamua, kwa sababu data za weupe nazo zilikuwa na mashaka. Naiheshimu sentensi hiyo kuliko zote katika makala yao.

Tatizo la mkatano huo si kwamba kupona kwa wenye nguvu hakupo. Kupo. Pale ambapo presha huua watu wa miaka 50, anayefika 80 si sampuli ya kawaida ya waliozaliwa naye, na pengo la afya kati ya maskini na tajiri linaweza kuonekana kufifia uzeeni kwa sababu tu wengi wa upande mmoja wameshazikwa. Mtafiti asipolikumbuka hilo anaweza kuandika kwamba uzee unasawazisha watu. Lakini huwezi kujua ni kiasi gani cha kufifia huko ni cha kweli mpaka kwanza uamini umri ulioandikwa.

Baada ya umri, kuna kipimo chenyewe. Ugonjwa wa dimensia, ule unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitunza, hauna kipimo cha damu kinachopatikana katika zahanati zetu. Hutambuliwa kwa maswali. Jaribio lililotumika zaidi duniani lilibuniwa Marekani mwaka 1975, lina alama 30, na ndani yake mtu huombwa kuandika sentensi, kunakili michoro ya pembe tano na kutoa 7 kutoka 100 mfululizo. Mwaka 1993 ulichapishwa uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 18,000 wa Marekani waliofanya jaribio hilo. Wenye angalau miaka 9 ya shule walipata alama 29 za katikati. Wa miaka 5 hadi 8 walipata 26. Wa miaka 0 hadi 4 walipata 22. Kwa mazoea, chini ya 24 ni dalili ya shida. Maana yake, zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 0 hadi 4 ya shule wangeitwa wenye shida ya akili, wengi wao kwa kukosa shule tu.

Sasa lilete jaribio hilo Hai. Mwanamke aliyekuwa na miaka 75 mwaka 2010 alizaliwa mwaka 1935 hivi, zaidi ya miaka 40 kabla ya elimu ya msingi kwa wote ya mwaka 1977. Ukimpima kwa kalamu, unapima kama wazazi wake walimpeleka shule, na kwa kuwa wavulana ndio waliotangulizwa, wanawake wataonekana wagonjwa kuliko wanaume. Pengo hilo lingetengenezwa na karatasi yetu. Watafiti wa Hai, wakishirikiana na wenzao wa Newcastle, walitunga kipimo kifupi chenye vipengele sita, kilichochapishwa mwaka 2014 kwa jina la IDEA. Mzee anaombwa kutaja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Anaulizwa daraja ni nini. Anasomewa maneno na baadaye anaombwa ayakumbuke. Anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hakuna kalamu, wala hakuna hesabu ya darasani. Kazi ya takwimu hapo ilikuwa kuchuja maswali mengi hadi kubaki na machache yanayotenganisha wagonjwa na wazima, huku yakiwa hayamwadhibu mtu kwa kukosa shule, kisha kuchagua alama ya kukatia. Alama ikiwekwa juu sana, familia nyingi zitatiwa hofu bure. Ikiwekwa chini, wagonjwa watarudishwa nyumbani na maneno yaleyale wanayoyasikia siku zote, kwamba ni uzee tu.

Utafiti wa dimensia katika vijiji sita vya Hai una somo jingine la hesabu. Walichujwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Kati yao 184 walifanyiwa uchunguzi wa kina, na 78 wakathibitika kuwa na ugonjwa. Mtu akigawanya 78 kwa 184 anapata asilimia 42, na namba hiyo ingetosha kuwa kichwa cha habari cha kutisha. Lakini wale 184 hawakuokotwa kwa usawa: waliofanya vibaya kwenye mchujo walichukuliwa kwa wingi, waliofanya vizuri wakachukuliwa wachache tu ili kuhakiki. Lazima kila mmoja apewe uzito kulingana na wenzake anaowawakilisha, kisha umri usawazishwe. Jibu lililotoka ni asilimia 6.4, kati ya mipaka ya 4.9 na 7.9, yaani sawa na nchi tajiri. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba dimensia si ugonjwa wa Afrika.

Uzito wa aina hiyo ndio unaobeba utafiti mkubwa wa wazee wa Marekani unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Michigan tangu mwaka 1992, ambao huwafuata watu wapatao 20,000 wenye zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili. Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini huchukuliwa wengi kuliko uwiano wao katika nchi, kwa sababu sampuli ya kawaida ingewaacha wachache mno kuweza kusema lolote juu yao. Wakati wa kutoa picha ya taifa, uzito wao hupunguzwa. Afrika Kusini, huko Agincourt, wana utafiti ambao ni ndugu wa huo, nao ulianza mwaka 2014 na watu 5,059 wa miaka 40 na zaidi. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo lingekuwa na faida kubwa kwa wazee wafugaji, wavuvi wa visiwani na wenye ulemavu, watu ambao katika sampuli ya kitaifa huonekana wanne au watano kwa mkoa.

Wafuatwao kwa miaka nao hupotea, na hawapotei ovyo. Anayeshindwa kuja kituoni mara ya pili mara nyingi ndiye aliyeanza kusahau njia. Ukichambua waliorudi tu, kijiji chako kitaonekana kinapata nafuu mwaka hadi mwaka. Kwa Dar kuna upotevu wa aina yake: mtu akipooza, ndugu humrudisha kwao akauguzwe. Mgonjwa wa jiji akibebwa hadi Hai, kiharusi kinaweza kuondoka kwenye hesabu ya Dar, hivyo huenda pengo la kweli ni kubwa kuliko lile la mara tatu. Njia ni kuandika mapema jina la ndugu wa karibu atakayeulizwa, kutenga fedha za kumfuata mgonjwa alikokwenda, na kuamua kabla ya siku ya kwanza ni taarifa gani zitatumika kukadiria wale ambao hawatapatikana.

Mambo yote haya huamuliwa kabla dodoso halijachapishwa, na ndiyo maana nasema mtakwimu aitwe siku ambayo wazo linazaliwa. Marekani walilifanya hilo kuwa utaratibu. Mwaka 1997 Taasisi ya Taifa ya Uzee ilianza kufadhili vituo vya utafiti wa uzee wa makundi ya walio wachache, na ndani yake kukawekwa wataalamu wa vipimo na uchambuzi ambao kazi yao ni kukaa na watafiti chipukizi tangu mwanzo. Vyuo vyetu vina vijana hodari wa takwimu, lakini wengi wao huitwa data zikiwa zimeshajazwa, wiki mbili kabla ya ripoti kutakiwa. Wakati huo hakuna awezaye kuongeza swali la ndugu wa karibu wala kumtafuta mzee aliyehama.

Limebaki la faragha. Ukifuta jina la mzee kwenye data ukabakiza umri wa miaka 97, jinsia na kitongoji, hujaficha kitu; kila mtu pale anajua bibi huyo ni nani, na sasa anaweza kujua pia kama ana virusi vya Ukimwi au ameanza kuchanganyikiwa. Kanuni za faragha za afya za Marekani zinataka, katika data za kugawa kwa wengine, umri wowote uliozidi miaka 89 uandikwe tu kuwa 90 na zaidi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ziko katika kundi linalolindwa zaidi. Anayechunguza wakongwe hawezi kufanya kazi na fungu moja la 90 na zaidi, kwa sababu humo ndimo lilimo swali lake. Kwa hiyo nakala mbili hutunzwa: moja ya kugawa, yenye umri uliofungwa na eneo lililotajwa kwa wilaya tu, nyingine yenye umri kamili na kitongoji, ambayo mtafiti huifungua ndani ya chumba chenye ulinzi, anaondoka na majedwali, na hakuna jedwali linaloruhusiwa kutoka likiwa na kisanduku chenye mtu mmoja.